Mnara wa ghorofa 24 Naguru: je, kusema "ni mbaya" kuna uzito?

Swali: Mimi ni polisi mstaafu, naishi Naguru, Kampala, kwenye mteremko unaotazama bonde la Lugogo. Kiwanja kilicho chini yangu, upande wa magharibi, kimezungushiwa mabati, na kuna bango lenye picha ya mnara wa ghorofa 24 wa nyumba zitakazouzwa moja moja kwa mfumo wa kondominiamu. Tulikutana kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, tukabishana hadi usiku. Vijana wanasema Kampala sasa inapendeza. Mzee mmoja anasema jengo linafanana na chupa ya marashi. Mama mwenye duka anauliza maji ya mvua yatakwenda wapi. Mwishowe imeandikwa barua fupi kwamba jengo ni baya na haliendani na mtaa, na wananitaka nitie saini. Je, maoni yetu juu ya sura ya jengo yana uzito wowote? Nitie saini?

Jibu: Jambo, afande. Usitie saini bado. Majirani hawajakosea kulichukia jengo, ila barua yao imetaja kitu ambacho afisa wa mipango hana pa kukiandika. Barua za namna hiyo nimeziona nyingi: hupigwa muhuri wa kupokewa, huingizwa kwenye faili, na faili huendelea na safari yake. Wanaopitisha michoro huuliza umbali wa jengo kutoka mpakani, sehemu ya kiwanja inayofunikwa, maegesho, njia ya magari, maji taka, usalama wa moto. Ubaya hauna nafasi kwenye fomu zao.

Lakini sikubaliani na wasanifu wenzangu wanaosema wananchi hawajui usanifu, basi wanyamaze. Karibu kila mara mtu anapotamka "jengo hili baya", kuna jambo linalopimika limemkera, ila hajalipatia jina. Mzee wa chupa ya marashi, kwa kusikia tu, analalamikia vioo kuanzia chini hadi juu bila kivuli chochote usoni mwa jengo. Hilo linapimika. Mama wa duka yeye amekwisha kulitaja lake waziwazi, na ndiye ningemweka mbele kwenye mkutano ujao.

Kwanza, hilo bango. Mlichogombania hadi usiku ni picha ya kompyuta, na picha ya kompyuta ni tangazo la biashara. Kamera imewekwa mahali ambapo hakuna binadamu anayesimama, mara nyingi hewani juu ya nyumba ya jirani, pengine juu ya paa lako. Barabara ni pana kuliko ilivyo, haina boda hata moja. Nguzo za umeme zimefutwa. Miti imekwisha kukomaa siku ya kwanza. Hakuna nguo zilizoanikwa, hakuna mashine za kupozea hewa zilizoning'inia ukutani, hakuna nondo za dirishani, hakuna matangi. Na kaloli, wale korongo wakubwa wa mjini, hawamo! Yeyote aliyeishi Kampala anajua kwamba ukijenga ukingo mpana juu ya jengo refu, ndege hawa watauhamia na kuupaka chokaa ya kwao bure. Ingia kwenye picha yenu utazame orofa nne za chini. Nina hakika zimefichwa nyuma ya miti, kwa sababu kwenye minara ya aina hii hapo ndipo maegesho hukaa: ukuta mtupu wenye matundu ya kutolea moshi. Wewe na majirani mtaishi mkitazama orofa hizo nne. Kilele anakiona mtu wa Kololo, kilima cha ng'ambo.

Kwa hiyo ombi la kwanza liwe michoro yenyewe: ramani ya kiwanja, michoro ya nyuso zote nne, na mchoro wa mkato, yaani ule unaoonyesha jengo na mteremko kama vile vimekatwa kwa kisu. Huo wa mkato kwako una thamani kuliko yote, na nitaeleza kwa nini.

Kivuli. Najua wengi wanahofia mnara utawanyima jua. Hofu hiyo inatoka kwenye miji iliyo mbali na ikweta, na huko ni ya kweli. Toronto, adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba, jua huwa chini kiasi kwamba jengo la mita 80 hutupa kivuli cha karibu mita 190. Kampala iko kwenye ikweta, ukiondoa sehemu ndogo ya digrii. Jengo hilohilo, siku ileile, adhuhuri, hutupa kivuli cha mita 35 tu kuelekea kaskazini. Mwezi wa Juni ni kiasi hichohicho kuelekea kusini. Kwetu kivuli kirefu hulala mashariki na magharibi, asubuhi na jioni. Ghorofa 24 ni karibu mita 80. Saa tatu asubuhi kivuli chake kitafika mita mia na zaidi upande wa Lugogo. Saa kumi na moja jioni kitakuwa karibu mita 150 upande wako, pungufu kidogo kwa kuwa nyumba yako iko juu zaidi.

Sasa sema kweli, afande: jua la magharibi la saa kumi jioni linaloingia sebuleni kwako, utalililia? Wengine watalipa pesa likingwe. Utakachopoteza ni kuona machweo juu ya Kololo, na hilo ni pigo, lakini sheria haimpi mtu haki ya mandhari kwa kuwa tu ameizoea. Ukilipeleka kama hoja kuu utashindwa, na litakuvutia chini hoja zako nzuri.

Lililo baya zaidi ni kinyume cha kivuli. Uso wa mnara unaokutazama wewe ndio uso wa mashariki. Kama wote ni kioo cha kuakisi, asubuhi utapata majua mawili: la kweli likitokea nyuma yako, na la pili likirudishwa na kioo kutoka mbele, likishuka moja kwa moja kwenye veranda yako. London mwaka 2013 jengo la 20 Fenchurch Street, ambalo uso wake wa kioo umepinda kwa ndani, lilikusanya mwanga wa jua hadi likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani. Uso ulionyooka hauna ukali wa kiasi hicho, ila mng'ao wa kila asubuhi kwa miaka 40 unatosha kumhamisha mtu kitini. Ulizeni kwa maandishi: kioo kinaakisi asilimia ngapi, na uso wa mashariki una kikinga jua gani?

Hapo ndipo mzee wetu wa marashi anapopata haki yake. Mnara wa kioo kitupu kwenye ikweta ni usanifu mvivu. Nyuso za kaskazini na kusini zinakingwa kwa urahisi na veranda. Za mashariki na magharibi zinahitaji mapezi ya wima au wavu, kwa sababu jua linaingia likiwa chini. Walioijenga Kampala ya miaka ya 1950 walilijua hilo. Kautazame uso wa Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, lililofunguliwa 1959, ule wavu wa zege unaopitisha hewa na kukata jua. Jengo linalokingwa vizuri huwa na vivuli usoni, kina na tundu, na macho ya watu huyapenda hayo bila kujua sababu. Mkidai kikinga jua mtakuwa mmedai uzuri kwa lugha ambayo afisa anaweza kuiandika.

Kuna ngozi nyingine ya kuuliza. Kampala imependa sana paneli nyembamba za alumini zinazopigiliwa nje ya jengo ili ling'ae. Ulizeni ndani ya paneli kuna nini. Kama katikati kuna plastiki, zikataeni kwenye mjadala tangu siku ya kwanza. Grenfell Tower ya London ilikuwa na ghorofa 24, sawa na huu wenu, na ngazi moja tu ya kushukia. Iliungua usiku wa tarehe 14 Juni 2017, watu 72 wakafa, na moto ulipanda haraka kwa sababu ya paneli za alumini zenye plastiki ndani. Paneli zile ziliwekwa kwenye ukarabati, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa kuboresha sura ya jengo kwa wanaolitazama kutoka nje. Nimelieleza hili mara nyingi mbele ya wateja wanaotaka jengo "liwe la kisasa", na bado kuna anayeniuliza bei ya paneli za rahisi.

Ngazi nyingi za magari ya zimamoto hufika mita 30 hivi. Juu ya hapo jengo lazima lijiokoe lenyewe: ngazi mbili zilizotengana na kukingwa moshi, mabomba ya maji yenye presha hadi juu, tangi la akiba, pampu yenye jenereta yake. Kwenye mchoro wa orofa ya kawaida hesabu ngazi. Ukiona moja, umepata pingamizi lako namba moja, na hata mwekezaji mwenyewe atakushukuru kimoyomoyo, maana mnunuzi mwerevu ataihesabu vilevile.

Sasa mchoro wa mkato. Wewe upo juu, wao wako chini yako, nao watachimba. Mnara wa namna hii huhitaji msingi wa kina, na kama kuna basimenti mbili, shimo linaweza kushuka mita saba au zaidi, likikata mguu wa mteremko unaobeba nyumba yako. Udongo wetu mwekundu wa vilima hudanganya. Ukiwa mkavu husimama wima kama ukuta, mafundi wakajipa moyo. Mvua za Machi hadi Mei zikiingia, au zile za Septemba hadi Novemba, hunywa maji, ukawa mzito, ukalegea, ukaporomoka. Katika majirani wote hakuna aliye hatarini kuliko wewe, na katika swali lako hukulitaja kabisa. Ulizungumzia picha!

Dai hivi: ripoti ya uchunguzi wa udongo, mchoro wa ukuta wa kuzuia kingo, uliosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, na ukuta huo ujengwe kabla shimo halijafika chini, na ukaguzi wa nyumba yako kwa picha zenye tarehe, kila ufa ulipo, kabla tingatinga halijawashwa. Usisubiri wao wapige picha. Piga zako mwenyewe wiki hii, ukutani weka gazeti la siku hiyo au chochote chenye tarehe, umkabidhi mwenyekiti nakala. Ufa ukitokea baadaye bila picha hizo, utaambiwa ulikuwepo tangu enzi za Obote. Nchi hii ina kumbukumbu chungu za majengo kuporomoka kabla hayajaisha, kuanzia hoteli ya Bwebajja, barabara ya Entebbe, mwaka 2004, na zipo nyingine baada yake. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 ilitungwa kwa sababu hizohizo, na inadai kibali cha ujenzi na ukaguzi hatua kwa hatua. Tumieni hilo.

Maji, kwa heshima ya mama wa duka. Tuseme kiwanja ni mita za mraba 2,000 na chote kitasakafiwa. Mvua moja kubwa ya milimita 50, ambayo Kampala si ajabu, itamwaga hapo lita 100,000. Zamani nusu yake ilizama kwenye nyasi; sasa yote itakimbilia bondeni Lugogo, ambako barabara huwa mto bila msaada wa mtu. Dawa inajulikana: matangi ya kuvunia maji, bwawa la chini ya maegesho linaloachia polepole, sehemu ya kiwanja iachwe udongo. Maji taka ni hesabu nyingine. Orofa 20 za makazi zenye nyumba nne kila moja ni nyumba 80. Kwa watu wanne kila nyumba na lita 100 kwa mtu, ni lita 32,000 kila siku. Sehemu kubwa ya mji huu haina bomba la maji taka. Kama mtaa wenu hauna, magari ya kunyonya yatapanga foleni mlangoni kwenu, na harufu haimo kwenye picha ya kompyuta. Magari ya wakazi nitayapita haraka: nyumba 80 zinaweza kuleta magari 120, angalieni mlango wao unatokea barabara ipi na upana wake.

Nije kwenye maneno "haliendani na mtaa". Hapa niwaonye kidogo. Mtaa ulio na nyumba chache na bustani kubwa haukutokea wenyewe. Kati ya 1945 na 1947 msanifu Mjerumani Ernst May, ambaye baadaye alisanifu pia Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kitante, alichora mpango wa kuipanua Kampala kwenda Kololo na Naguru. Ulikuwa mpango wa serikali ya kikoloni, nao uligawa makazi kwa rangi: Waafrika upande wa Naguru, wengine Kololo. Kila mtu anayesema "tabia ya mtaa" anatetea, apende asipende, kipande cha ramani hiyo. Na mwaka 2011, nyumba za wafanyakazi za Naguru na Nakawa zilipobomolewa ili pajengwe mji mpya, maelfu ya wapangaji walioishi humo kwa miongo hakuna aliyewauliza kama jengo jipya litaendana nao. Kampala inahitaji nyumba, na kujenga kwenda juu kwenye kilima ni afadhali kuliko kujaza vinamasi vya bondeni. Kwa hiyo vijana wenu hawajakosea. Siwapi ruhusa ya kuwaita washamba.

Hoja ya mahali hushinda pale inapotaja kitu mahususi cha watu wote. Mwaka huohuo wa 2011 kulikuwa na mpango wa kubomoa Jumba la Makumbusho ili pajengwe mnara wa biashara wa ghorofa 60. Wapinzani hawakupoteza muda kusema mnara ni mbaya. Walisema makumbusho ni mali ya taifa, wakaenda mahakamani. Jumba lile liko palepale barabara ya Kira hadi leo. Paris nako watu waliuchukia Tour Montparnasse, mita 210, uliokamilika 1973, hadi mwaka 1977 mji ukaweka kikomo cha urefu wa majengo. Lakini mnara wenyewe haukuguswa. Chuki ya baada ya ujenzi huwasaidia watakaokuja, si mliopo.

Ndiyo maana nakuharakisha. Sheria ya Mipango ya 2010 inataka mwendelezaji apate idhini ya mipango kabla ya kujenga, na kwa kuwa Naguru iko Nakawa, mlango wenu ni KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala: ofisi ya mipango ya divisheni kisha makao makuu. Mlango wa pili ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira: chini ya Sheria ya Mazingira ya 2019, tathmini ya athari hushirikisha majirani, na yale mahojiano ya kujaza fomu ambayo watu huyapuuza ndiyo yanayoingia kwenye ripoti. Akija kijana na fomu, msimfukuze; mkalisheni, mwambieni yote niliyoandika juu ya shimo na maji, muombe nakala. Mkinyimwa michoro, Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Andika ombi, lipigwe muhuri, tunza nakala. Wewe umefanya kazi ya polisi, hili sikufundishi.

Kuna jambo moja la kondominiamu ambalo wengi hulisahau. Chini ya sheria yake ya 2001, nyumba zikishauzwa, wenye nyumba huunda shirika lao na kurithi ukuta wa nje, lifti, paa, mifereji. Mwekezaji mnayemlalamikia leo atakuwa ameondoka na faida yake. Anayekuja ni mwalimu, daktari, mtu wa kyeyo aliyetuma pesa kutoka ughaibuni, wote 80, kila mmoja na maoni yake kuhusu ada ya mwezi. Wao ndio watakaotakiwa kusafisha vioo vya orofa ya 19 na kutengeneza pampu ya maji ya mvua. Chochote mnachotaka kifanyike, kiwe kimeandikwa kama sharti la kibali sasa, wakati kuna mtu mmoja wa kumshika.

Barua basi. Sentensi ya "jengo ni baya" msiifute, iwekeni mwisho kabisa; ni maoni yenu na mna haki nayo. Mbele yake wekeni maombi matano: michoro kamili ikiwemo wa mkato, ripoti ya udongo na ukuta wa kuzuia mteremko, ngazi mbili na maelezo ya paneli za nje, hesabu ya maji ya mvua na maji taka, kioo cha upande wa mashariki na kikinga chake. Ongezeni la sita kwamba ukuta wa orofa nne za chini uonyeshwe ulivyo, bila miti. Mama wa duka na wale vijana nao watie saini, kwa sababu hakuna lolote kati ya hayo linalopinga mnara kujengwa. Wewe tia saini yako ya kwanza, kwa kuwa shimo liko mlangoni kwako.

Michoro ikipatikana nitumie kurasa mbili tu kwanza, mkato na orofa ya kawaida. Hizo nitakusomea hata siku ya Jumapili.